Katy ya posta si Katy ya shule: kulinganisha wilaya za shule Texas

Ukiona tangazo la nyumba ya kupanga lenye anwani ya Katy, Texas 77449, usisaini mkataba kwa kudhani mtoto atasoma kwenye wilaya ya shule iitwayo Katy ISD. Sekondari ya Cypress Lakes ina anwani hiyohiyo ya Katy 77449, na ni shule ya Cypress-Fairbanks ISD. Upande wa pili, sekondari ya Mayde Creek inapokea barua zake kwa anwani ya Houston 77084, na ni ya Katy ISD. Jina la mji kwenye bahasha ni mambo ya posta. Mpaka wa wilaya ya shule ni jambo jingine, na Texas mpaka huo haufuati mji wala kaunti. Ndani ya jiji la Houston peke yake utakuta nyumba za Houston ISD, Alief, Spring Branch, Aldine, Fort Bend, Katy na nyingine zaidi.

Aliyezoea halmashauri na wizara inabidi aizoee ISD kama kitu cha aina yake. Ni wilaya ya shule inayojitegemea: ina bodi yake ya kuchaguliwa, kodi yake, kalenda yake, mabasi yake na mishahara yake. Meya hana kauli. Texas ina wilaya kama 1,200 ukijumlisha na shule za mkataba, kwa hiyo ile hoja ya "Texas shule ni nzuri" au "Texas shule ni mbovu" haina maana yoyote.

Kwanza basi, thibitisha wilaya. Kwa kaunti ya Harris, ingia kwenye tovuti ya ofisi ya tathmini ya mali, HCAD, andika namba ya nyumba na mtaa, kisha shuka mpaka orodha ya mamlaka zinazotoza kodi kwenye kiwanja hicho. ISD itakayotajwa pale ndiyo wilaya yako, na hakuna ubishi, maana pesa haikosei anwani. Hata apatimenti ina mwenye mali anayelipa kodi, kwa hiyo njia hii inafaa na kwa mpangaji. Kaunti nyingine nazo zina ofisi zao za namna hiyo. Ukishajua wilaya, nenda kwenye tovuti ya wilaya yenyewe uandike anwani ileile ili ikuoneshe shule tatu: ya msingi, ya kati na ya sekondari. Hizo tatu ndizo unazolinganisha. Kisha piga simu shule ya msingi uulize swali moja ambalo tovuti mara nyingi hailijibu: je, darasa la mtoto wangu limejaa? Kwenye wilaya zinazokua haraka, shule iliyojaa hufungiwa wanafunzi wapya na mtoto wako anaweza kupelekwa kwa basi shule nyingine, hata kama unaishi ng'ambo ya barabara tu.

Sasa tuje kwenye herufi. Wakala wa Elimu wa Texas, TEA, hutoa daraja la A hadi F kwa kila wilaya na kwa kila shule, na zote zinapatikana TXschools.gov. Mfumo ulitokana na sheria ya 2017. Wilaya zilipata herufi kwa mara ya kwanza Agosti 2018, shule mojamoja 2019. Sisi tuliolelewa na orodha za shule kumi bora tunaiona ile A na tunafunga mjadala. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu herufi moja imefungasha mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza linaitwa Student Achievement: ufaulu ulivyo kwa sasa, hasa kwenye STAAR, mitihani ya jimbo la Texas. La pili ni School Progress, nalo lina vipande viwili: mtoto amepanda kiasi gani kutoka mwaka jana, na shule imefanya vipi ikilinganishwa na shule nyingine zenye kiwango sawa cha watoto wa kipato cha chini. La tatu ni Closing the Gaps, linalotazama makundi: rangi, wanaojifunza Kiingereza, wenye mahitaji maalumu na kadhalika. Kwenye hesabu ya mwisho huchukuliwa alama iliyo kubwa kati ya la kwanza na la pili, nayo hupewa uzito wa asilimia 70; la tatu lina asilimia 30.

Tafakari hilo "iliyo kubwa". Shule ya mtaa wa matajiri inaweza kubebwa na ufaulu wa watoto waliokwishaingia darasani wakijua kusoma, huku maendeleo yao ya mwaka ni ya kawaida tu. Shule ya mtaa wa apatimenti inaweza kuwa na ufaulu wa chini na bado ikapata herufi nzuri kwa sababu inawapandisha watoto kwa kasi. Herufi ni ileile, kazi ni mbili tofauti. Kwa familia inayofika na mtoto wa darasa la nne asiyejua Kiingereza, hiyo ya pili ndiyo inayojua kazi yake. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa shule, pita herufi kubwa ya juu, bonyeza sehemu ya School Progress na usome vipande vyote viwili. Binafsi kile cha ulinganisho na shule zinazofanana nakiamini kuliko namba nyingine yoyote pale.

Halafu kuna wilaya na kuna shule. Tangu marekebisho ya 2023, daraja la wilaya hukusanywa kutoka kwenye madaraja ya shule zake, kila shule kwa uzito wa idadi ya wanafunzi. Ni wastani, basi. Houston ISD ina shule zaidi ya 250. Humo kuna shule za kugombaniwa na kuna shule ambazo mzazi mwenye gari hazitazami mara mbili. Mwanao hatasoma kwenye wastani.

Ripoti yenye nyama inaitwa TAPR. TEA huitoa kila mwaka kwa kila shule, na ni ndefu, na haina mvuto hata kidogo; pakua ya shule, siyo ya wilaya. Kurasa za mwanzo ni majedwali ya STAAR. Mitihani hiyo ni kusoma na hesabu darasa la 3 hadi la 8, sayansi la 5 na la 8, masomo ya jamii la 8, na sekondari ni mitihani mitano ya mwisho wa somo: Algebra I, Biology, English I, English II na U.S. History. Kila mstari una viwango vitatu: Approaches, Meets na Masters. Mtoto aliyefika Masters anahesabiwa pia kwenye Meets na Approaches, kwa hiyo usijumlishe asilimia hizo ukitafuta mia. Approaches ndiyo "kupita", lakini ni kupita kwa kuchechemea. Anayetaka kujua kama mtoto yuko sawa na darasa lake atazame Meets.

Chukua mfano wa kubuni, na penseli mkononi. Shule ya kwanza: Approaches 90, Meets 65, Masters 34. Alama yake ya STAAR ni wastani wa hizo tatu, yaani 63. Shule ya pili: 72, 42 na 15; wastani 43. Nani atachagua ya pili? Sasa shuka kwenye safu ya Econ Disadv, watoto wanaostahili chakula cha bure au cha bei nafuu. Tuseme shule ya kwanza ina asilimia 15 ya watoto hao na Meets yao ni 36. Shule ya pili ina asilimia 85, na Meets yao ni 40. Ukipiga hesabu utaona hakuna uchawi: ile 65 ya shule ya kwanza imejengwa na asilimia 85 ya watoto wenye nafasi, wanaofika 70. Mtoto wa familia yenye mishahara miwili ya ghala anafanya vizuri zaidi kwenye shule ya pili, ile ambayo tovuti za nyumba zingeipa namba ndogo na kukufukuza.

Watu hukosea hapa kwa namna mbili. Moja ni kusahau udogo wa kundi. Kama watoto wa kundi lako ni 12 tu, mtoto mmoja ni zaidi ya pointi 8. Safu hiyo itaruka juu na chini kila mwaka bila mwalimu kubadilika. Soma ripoti tatu za miaka mfululizo. Ukikuta alama ya nyota badala ya namba, maana yake wamekuwa wachache kiasi kwamba TEA imeficha ili wasitambulike. Kosa la pili ni kulinganisha miaka isiyolingana. Mwaka 2020 na 2021 hakukuwa na madaraja kwa sababu ya korona. Mwaka 2022 ni A, B na C tu zilizotolewa. Waliostahili D na F waliandikwa Not Rated. Mwaka 2023 vipimo vilikazwa: kwa mfano, sekondari iliyohitaji 60 ili kupata A kwenye kipengele cha maandalizi ya chuo na kazi ikatakiwa ifike 88. Wilaya nyingi zikaenda mahakamani, na madaraja ya 2023 yakatoka Aprili 2025. Ya 2024 na 2025 yakatoka pamoja Agosti 2025. Kwa hiyo shule iliyotoka B ya 2022 ikaingia C ya 2023 pengine haikushuka popote; ni rula iliyobadilishwa. Na itabadilishwa tena: sheria iliyopitishwa 2025 inaiondoa STAAR na kuweka mitihani mitatu mifupi ndani ya mwaka, kuanzia 2027–28.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kipo kipengele ambacho tovuti za nyumba hazikigusi kabisa: Kiingereza. Siku ya kuandikisha mtoto utapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Wapo wazazi wanaoandika "English" kwa kuhofia mtoto atatengwa au atarudishwa darasa. Hiyo ni hasara tupu. Ukiandika Kiswahili, au Kinyarwanda, au Kibembe, mtoto hupimwa, na kamati iitwayo LPAC ina wiki nne tangu aandikishwe kuamua kama anastahili huduma. Ukiandika English, hapimwi, anakaa nyuma ya darasa akitabasamu, na miezi inakwenda. Huduma yenyewe unaweza kuikataa kwa maandishi baadaye. Kuipata ukiwa umeandika English ndiyo kazi.

Sheria ya Texas inaitaka wilaya ifungue darasa la lugha mbili inapokuwa na angalau watoto 20 wa lugha moja kwenye darasa moja wilaya nzima. Kwa Kihispania idadi hiyo hutimia bila jasho. Kwa Kiswahili ni nadra, kwa hiyo mtoto wako atakuwa kwenye ESL, yaani Kiingereza kama lugha ya pili. Hapo swali la kumuuliza mkuu wa shule si "mna ESL?" maana jibu ni ndiyo kila mahali. Uliza: mwalimu wa darasa lake mwenyewe ana cheti cha ESL, au mtoto hutolewa darasani nusu saa akaenda chumba kingine? Anakosa somo gani akitolewa? Wageni wapya wa sekondari wana darasa lao la kuanzia? Kisha rudi TXschools.gov, sehemu ya Closing the Gaps, utafute TELPAS, mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka wenye kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Kiwango cha waliopanda ngazi kwenye TELPAS ndicho kinachokuambia kama ESL ya shule ile inafundisha au inalea tu. Na usiogope kwamba mtoto wako mgeni ataonekana mzigo: matokeo ya STAAR ya mwaka wake wa kwanza katika shule za Marekani hayahesabiwi kwenye daraja la shule.

Sekondari zina hesabu yake kwenye Student Achievement: STAAR asilimia 40, kuhitimu 20, na 40 nyingine ni maandalizi ya chuo, kazi na jeshi, CCMR. Hii CCMR ichungulie kwa ndani. Mwanafunzi anaweza kuipata kwa alama za SAT, mtihani wa kuombea chuo, kwa mtihani wa AP, yaani somo la kiwango cha chuo, aliopata 3 au zaidi, kwa kozi za chuo alizosoma akiwa sekondari, au kwa cheti cha ufundi kinachotambulika. Shule mbili zenye CCMR ya 85 zinaweza kuwa moja imejaza wanafunzi wa AP na nyingine imejaza vyeti vifupi. Cheti cha uchomeleaji kina thamani yake mtaani, tena sana. Ila ukitaka mtoto aende chuo kikuu kusomea uhandisi, tafuta mstari wa AP na wa kozi za chuo. TAPR imeitenganisha.

Mwenye kijana wa miaka 17 aliyetoka kambini bila vyeti asome kingine: kiwango cha kuhitimu kwa miaka mitano na sita, si minne pekee. Diploma ya Texas inahitaji krediti 22 za msingi, na 26 ukiongeza mkazo wa fani. Kijana asiye na rekodi za shule mara nyingi ataanzia darasa la 9, na minne haitamtosha. Sheria inampa haki ya kusoma bure kama hajafikisha miaka 21 ifikapo Septemba 1. Kuna sekondari zinazomhesabu kijana huyo kama tatizo la takwimu na zinazomhesabu kama mwanafunzi. Ile tofauti kati ya namba ya miaka minne na ya sita ndiyo inayozifichua. Karatasi zake za shule, hata ripoti moja ya muhula iliyochakaa kutoka Kakuma, zipeleke zote. Kila somo linaloweza kupewa krediti ni somo asilolazimika kulirudia. Hali ya uhamiaji isimzuie mtu kwenda kuandikisha: kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani 1982, inayolinda haki ya watoto wasio na hati kusoma shule za umma, ilizaliwa hukohuko Texas, katika mji wa Tyler.

Walimu hupatikana nyuma kabisa ya TAPR, ambako wengi hawafiki. Tazama asilimia ya walimu wanaoanza kazi mwaka huo, wastani wa miaka waliyokaa kwenye wilaya hiyo, miaka ya mkuu wa shule, na kiwango cha walimu wanaoondoka wilayani kila mwaka (hiki kitafute kwenye TAPR ya wilaya). Theluthi ya walimu wakiwa wapya, hakuna herufi itakayodumu. Madarasa kuanzia chekechea hadi la 4 yana ukomo wa watoto 22, ila wilaya inaweza kuomba ruhusa ya kuzidisha, na inatakiwa kuwaarifu wazazi. Cheti cha mwalimu nacho ulizia waziwazi, kwa sababu sheria ya 2015 iliziruhusu wilaya nyingi kuajiri wasio nacho, na ndipo 2025 bunge lilipoanza kuibana.

Na majengo? Jengo jipya lenye uwanja wa mpira wa mamilioni linakupumbaza kirahisi. Texas kodi ya wilaya ina mifuko miwili: mmoja wa uendeshaji, yaani mishahara na vitabu, mwingine wa kulipia madeni ya majengo. Mfuko wa uendeshaji ndio unaokatwa na jimbo kwa wilaya tajiri ili kusaidia nyingine, utaratibu wa 1993 ambao Wateksasi wanauita Robin Hood. Mfuko wa majengo haukatwi. Kwa hiyo wilaya inaweza kujenga kama hoteli na bado ikalipa walimu kama jirani yake. Kiasi cha msingi cha jimbo kwa mwanafunzi kilikwama dola 6,160 kuanzia 2019, na 2025 kikaongezwa dola 55. Tena hesabu inafuata mahudhurio, siyo uandikishaji. Ndiyo maana shule inakupigia simu mtoto akikosa siku moja.

Utaratibu huo wa Robin Hood haukushuka kama mvua. Wazazi wa Edgewood, San Antonio, walishtaki kwa sababu wilaya yao ilikuwa ikitumia dola 356 kwa mwanafunzi wakati Alamo Heights, eneo hilohilo la San Antonio, ilitumia 594. Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia 1973 kwa kura 5 kwa 4. Mahakama kuu ya Texas ikawasikiliza 1989, kwa kesi nyingine. Pengo la leo ni dogo kuliko la wakati ule, na ukilinganisha wilaya mbili kwa thamani ya nyumba zake utakuwa unapima nyumba.

Angalia pia nani anashika usukani. Juni 2023 TEA iliiweka kando bodi ya kuchaguliwa ya Houston ISD, ikateua bodi yake na msimamizi mkuu, Mike Miles, kwa sheria inayoruhusu hatua hiyo hata shule moja ikifeli miaka mitano mfululizo. Oktoba 2025 kamishna wa TEA, Mike Morath, alitangaza hatua hiyohiyo kwa Fort Worth ISD. Mambo hayo hugusa ratiba, vitabu, hata maktaba, mapema sana kabla hayajaonekana kwenye herufi yoyote.

Kuhusu kuhama, kuna tarehe mbili. Shule huhesabu wanafunzi wake Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, na mitihani mikubwa huanza Aprili. Mtoto anayehama wilaya katikati hapo anabeba madaftari ya mtaala mmoja kwenda kwenye mtihani aliofundishwa nusu. Kama mkataba wa nyumba unakuruhusu, hamia Juni. Na kabla ya kutia saini pima umbali wa mlango hadi shule. Jimbo hulipia basi la mtoto anayeishi maili 2 au zaidi kutoka shuleni. Apatimenti iliyo maili 1.8, ng'ambo ya barabara kuu isiyo na njia ya miguu, inaweza isiwe na basi kabisa, na wewe zamu yako ya ghala inaanza saa kumi na mbili asubuhi.